Laptopu kuukuu, flashi moja na boti ya Mkoani: namna ya kujipangia katuni na michezo ya zamani kwa programu huria

Kila nikivuka kwenda Unguja narudi na flashi imejaa. Hapa Chake Chake, Pemba, bando likiisha limeisha, na gigabaiti tatu ukizivuta kwa simu usiku kucha, asubuhi unaamka na faili nusu na salio sifuri. Basi mwongozo huu nimeupanga kama mambo yanavyokwenda kwetu: kitu kinapakuliwa mara moja, pale penye mtandao wa maana, kisha kinapita mkono kwa mkono. Kwa ndugu, kwa jirani, kwa mtoto wa skuli anayekuja barazani kuuliza, "Ami, kile kitu unacho?"

Ndiyo maana nimeshikilia programu huria, pamoja na katuni na michezo ambayo wenyewe wameruhusu igawiwe. Ukimpa mtu kitu kinachodai namba ya siri na mtandao kila siku, umempa mzigo. Programu huria unamnakilia, anaondoka nayo, na wiki ijayo yeye anamnakilia mwingine kule Micheweni, na hakuna aliyeibiwa.

Hatua ya kwanza: flashi kabla ya laptopu

Wengi wananunua laptopu kwanza, halafu ndiyo wanaanza kuhangaika. Geuza. Tafuta flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, halafu tafuta kompyuta ya mtu yenye mtandao mzuri: ofisini, chuoni, au kwa rafiki mwenye waifai nyumbani. Pakua mfumo endeshi uitwao Linux Mint, toleo la Xfce. Faili lake ni karibu gigabaiti 3.

Nimechagua Mint kwa sababu mtu aliyezoea Windows hapotei: menyu iko chini kushoto, pale pale alipoizoea. Xfce nimeichagua kwa wepesi wake. Wenyewe waliotengeneza wanasema ramu ya gigabaiti 2 inatosha kuanzia, na 4 ndiyo raha. Mimi nasema anzia 4, kwa sababu ukishafungua kurasa tano za intaneti hizo 2 zinakwisha kama urojo wa jioni.

Kabla ya kuliweka kwenye flashi, hakikisha faili limefika zima. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Utapata mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule ambao Mint wenyewe wameuweka kwenye faili liitwalo sha256sum.txt. Ikitofautiana hata herufi moja, faili limeharibika njiani, lipakue upya. Ni kazi ya dakika mbili na usiiruke, hasa kama kesho yake unapanda boti. Ukija kugundua ubovu ukiwa umeshashuka Mkoani, safari imekula nauli bure.

Likiwa sawa, tumia programu ndogo iitwayo Rufus, nayo ni huria: chagua lile faili la ISO ulilopakua, chagua flashi, bonyeza kuanza. Itafuta kila kilichomo kwenye flashi hiyo, picha za harusi ya dada yako zikiwemo, kwa hiyo zihamishe mapema.

Hatua ya pili: nenda nayo dukani

Laptopu za mtumba zimejaa Mlandege na Darajani, mjini Unguja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, na mashine nyingi za zamani hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11. Wewe unayekwenda kuweka Linux hilo halikuhusu. Tena ni nafasi ya kupatana bei. Mimi napenda zile za ofisini za mwaka 2012 hivi: ThinkPad T430, Dell Latitude E6430, HP EliteBook 8470p. Nzito kama jiwe la kusagia, lakini betri inachomoka kwa mkono, kifuniko cha chini kinafunguka kwa bisibisi ya kawaida, na diski na ramu zake unabadilisha mwenyewe bila kuuliza mtu.

Mwambie mwenye duka kwa adabu: "Kaka, naomba niijaribu na flashi yangu kabla hatujazungumza bei." Chomeka, washa, na papo hapo bonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia: F12 kwa Dell na ThinkPad, F9 kwa HP. Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani. Sasa angalia: waifai inashika? Sauti inatoka? Fungua kihariri cha maandishi ubonyeze kila herufi ya kibodi, moja moja, kwa sababu muuzaji atakuonyesha Y na atasahau kwamba P haifanyi kazi. Fungua programu ya diski iliyomo humo, soma taarifa za afya ya diski. Jaribu tundu zote za USB.

Kisha ipindue. Hewa yetu ina chumvi, na laptopu iliyokaa miaka karibu na pwani inajionyesha: parafujo zina kutu, tundu za chaji zimeota ukungu wa kijani. Kutu kidogo kwenye parafujo vumilia. Ukungu wa kijani ndani ya tundu, iache.

Kuna jambo moja lililonigharimu mimi. Laptopu yangu ya kwanza niliinunua bila kuijaribu. Kufika nyumbani, nikibonyeza F12 inataka nywila. Bayosi, ile programu ya msingi inayoiwasha mashine, ilikuwa imefungwa na ofisi iliyokuwa ikiimiliki huko ilikotoka, na nywila ile haifutiki kwa kuchomoa betri ndogo ya ndani kama mafundi wa kijiweni wanavyodai. Kwenye mashine nyingi za ofisi imeandikwa kwenye chipu yake. Niliporudi, muuzaji akaniambia hilo ni dogo tu, nimtafute fundi. Nilimtafuta miezi miwili. Siku hizi kabla ya lolote naingia kwenye bayosi: F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikiuliza nywila, namrudishia mwenyewe na kumtakia biashara njema.

Hatua ya tatu: sakinisha

Hapa pa kupita haraka. Washa kwa flashi, bofya alama ya kusakinisha iliyo juu ya meza ya kioo, chagua lugha, chagua Dar es Salaam kwa saa, kubali ifute diski yote, weka jina na nywila, kanywe chai. Kama mfukoni pana nafasi, kabla ya kusakinisha toa diski ya zamani inayozunguka, weka SSD, yaani diski isiyozunguka, hata ndogo ya gigabaiti 120. Hakuna fedha nyingine utakayoitia kwenye mashine ya 2012 ikaonekana upesi hivyo.

Hatua ya nne: ghala la michezo linalovuka bahari

Hii ndiyo hatua niliyotaka kuifikia.

Kwenye Linux programu hazitafutwi tovuti moja moja. Ziko kwenye ghala moja, unaziita kwa jina. Watu hufundishwa amri iitwayo apt. Inafanya kazi, lakini ina tabia moja: ikishamaliza kusakinisha, inayafuta mafaili iliyoyapakua. Ndugu yake mkubwa, apt-get, huyaacha. Kwa mtu wa mjini mwenye mtandao hilo si kitu. Kwetu sisi ndiyo tofauti ya kupakua mara moja na kupakua mara kumi. Kwa hiyo, ukiwa Unguja kwenye waifai nzuri, fungua terminali, yaani dirisha la amri la Linux, uandike:

sudo apt-get update
sudo apt-get install scummvm beneath-a-steel-sky freedoom crispy-doom fceux openttd supertux

Ikimaliza, michezo iko tayari, na mafaili yake yote yenye kiishio cha .deb yamelala kwenye folda ya /var/cache/apt/archives. Yanakili kwenye flashi. Ukifika Pemba, kwenye laptopu ya ndugu yako yenye Mint ya toleo lile lile, fungua terminali ndani ya folda ya flashi na uandike:

sudo apt-get install ./*.deb

Yanaingia bila tone la bando. Masharti ni mawili: matoleo ya Mint yafanane, na laptopu yako iwe ilikuwa mpya kabisa ulipopakua, ili kila kilichohitajika kiwe kimo ndani ya folda ile. Ndiyo maana nafanya kazi hii siku ile ile ninaposakinisha, kabla sijaongeza kitu kingine chochote.

Sasa, kuna nini humo?

Beneath a Steel Sky ni mchezo wa Uingereza wa mwaka 1994, wa kutembea, kuzungumza na watu na kufumbua mafumbo. Hauna haja ya vidole vyepesi, una haja ya subira. Walioutengeneza, Revolution Software, waliutoa bure mwaka 2003, na programu ya ScummVM ndiyo inayouendesha kwenye mashine za leo. Mpenzi wa katuni ataupenda kwa sababu ya ziada: michoro yake ni ya Dave Gibbons, mchoraji mashuhuri wa vitabu vya katuni, na hadithi inaanza kwa picha moja moja kama kitabu unachokifunua. Mimi niliumaliza mwezi mmoja wa Ramadhani, kati ya tarawehe na daku. Kuhifadhi ulipofika, bonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja, menyu inakuja. Hifadhi mara kwa mara. Umeme wa tukuza, ule wa kulipia kabla, hauagi.

Freedoom ina kisa chake. Mwaka 1993 kampuni ya id Software ilitoa Doom, mchezo wa kupiga mashetani uliotikisa dunia. Mwaka 1997 wakatoa hadharani msimbo wa programu yenyewe, lakini picha, sauti na ramani zikabaki mali yao. Watu wa kujitolea wakakaa wakachora kila kitu upya, sauti mpya, majini mapya, kuta mpya, na matokeo yake ndiyo Freedoom. Crispy Doom ndiyo injini ya kuiendeshea. Ni mchezo wa damu. Watoto wadogo wapewe SuperTux, yule penguini anayeruka na kukanyaga maadui kwa namna ambayo kila aliyepata kucheza Mario ataitambua.

OpenTTD sitaieleza sana maana itakula usingizi wako: unajenga njia za reli, za mabasi na za meli, unahesabu faida. Mimi nimejitengenezea visiwa viwili, na boti zangu zinaondoka kwa wakati.

Na fceux ni ya wale waliokua kama mimi. Miaka ya tisini nyumba moja mtaani ilikuwa na TV gemu, na kaseti ya manjano iliyodai ina michezo 9999, ukihesabu unakuta kumi na nne, mingine yote ni ile ile imebadilishwa rangi. Hatukujua kwamba mashine ile ni nakala ya Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 2 tu. Super Mario Bros. yote, dunia nane na muziki wake, ilitoshea kwenye kilobaiti 40. Picha moja ya "Ijumaa njema" unayotumiwa kwenye simu ni kubwa kuliko hiyo. Na kwenye mchezo wa Contra sote tuliijua ile dua ya mwanzo: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Maisha thelathini. Nani aliileta Chake bila intaneti, Mungu anajua.

fceux inaigiza mashine ile ndani ya laptopu. Inakuja tupu, bila michezo, na hapa lazima niseme wazi. Michezo ile ya zamani bado ina wenyewe. Kuizoa mtandaoni kwa mamia ni kuvunja hakimiliki, hata kama kaseti haziuzwi tena, na Zanzibar tuna sheria yetu ya hakimiliki na ofisi yake, COSOZA, mbali na COSOTA ya Bara. Lakini wako watu leo hii wanaotunga michezo mipya kwa ajili ya mashine ile kongwe na kuitoa huria. Tafuta Nova the Squirrel, mchezo wa kindi anayerukaruka, na Thwaite, wa kulinda kijiji kisiangukiwe na makombora. Yote miwili inagawiwa pamoja na msimbo wake. Kwenye fceux F5 inahifadhi ulipofika, F7 inakurudisha. Pedi ya USB, hata ya bei ya chini kabisa, ni bora kuliko kibodi: vidole vyako ndivyo vinavyokumbuka, na vinakumbuka pedi.

Hatua ya tano: kabati la katuni

Kitabu cha katuni cha kidijitali ni kitu chepesi kuliko jina lake. Faili la .cbz ni folda ya picha iliyobanwa kwa zip, likabadilishwa herufi za mwisho. Basi. Ukibadilisha .cbz kuwa .zip unalifungua kama faili lolote. Ukikutana na .cbr, hilo limebanwa kwa RAR. Sakinisha unar, lifungue, ulibane upya kwa zip ili uondokane nalo.

Mint inakuja na Xreader, kisomeo cha nyaraka, nacho kinafungua .cbz bila kuongeza kitu. Kwenye simu ya Android tumia KOReader, nayo huria.

Za kusoma zipo. Anza na Pepper&Carrot ya Mfaransa David Revoy, anayeichora tangu mwaka 2014 kwa programu huria iitwayo Krita, na leseni yake inakuruhusu kunakili, kutafsiri, hata kuuza, mradi umtaje. Ni ya msichana mdogo na paka wake, rangi zake zinang'aa kama kanga mpya. Kwa wapenda ukale kuna Digital Comic Museum, ghala la katuni za Marekani za zamani zilizokwisha hakimiliki. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilimpa mchapishaji miaka 28, kisha ilimtaka aombe upya. Wengi hawakujisumbua, na kazi zao zikawa mali ya umma. Utakuta humo wapelelezi, farasi, roketi na mapenzi ya kulia. Utakuta pia Waafrika waliochorwa kwa dharau ya zama zile. Mimi nazipitia kwanza mwenyewe kabla ya kumpa mtoto.

Halafu kuna zako mwenyewe. Mjomba wangu aliweka rundo la magazeti ya katuni ya Sani chini ya kitanda, zile zenye Ndumilakuwili na Lodi Lofa, na mchwa alikuwa ameshaanza kuzisoma. Nikaamua kuzipiga picha kwa simu kabla hazijaisha. Fanya hivi:

Kaa karibu na dirisha, asubuhi, jua lisiwe la moja kwa moja. Laza gazeti juu ya kitambaa cheusi, simu juu yake sawasawa, piga ukurasa mmoja mmoja. Usitumie taa ya simu. Inaacha doa jeupe katikati ya karatasi. Hamishia picha kwenye laptopu, kata kingo, kisha uzipe majina kwa tarakimu tatu: 001, 002, 003. Ukiandika 1, 2, 3, baadhi ya visomeo vitaweka 10 kabla ya 2 na hadithi itarukaruka.

Kisha zipunguze uzito. Hapa ndipo nilipojiumiza. Nilisakinisha imagemagick, programu ya kurekebisha picha kwa amri, nikaandika amri ya mogrify juu ya picha zenyewe, nikakosea ukubwa, na ikaandika juu ya asili. Magazeti kumi na moja yakawa saizi ya stempu, na simu nilikuwa nimeshaisafisha. Nikarudi dirishani. Mogrify haiulizi "una uhakika?" Kwa hiyo tengeneza folda ya pembeni kwanza:

mkdir ndogo
mogrify -path ndogo -resize 1400x -quality 80 *.jpg
cd ndogo
zip -0 gazeti-01.cbz *.jpg

Hiyo -path ndogo ndiyo inayookoa asili. Na -0 inaiambia zip isijisumbue kubana, maana picha za JPG zimeshabanwa tayari. Unapata faili upesi na linafunguka upesi.

Nakala hizo ni zako na za mjomba. Waliochora na kuchapisha wana haki zao, kwa hiyo kabati hili usilivushe kwenye flashi ya kugawa.

Hatua ya sita: geuza kioo

Ukurasa wa katuni umesimama, kioo cha laptopu kimelala. Unaishia kusoma nusu ukurasa, unashuka, unapanda, hadithi inapoteza ladha. Fungua terminali, andika:

xrandr -o left

Kioo chote kinalala ubavu. Sasa inua laptopu kwa ubavu wake, kama unavyoshika kitabu kilichofunguliwa, kioo mkono mmoja na kibodi mkono wa pili, bonyeza F11 ijaze kioo. Ukurasa mzima unakaa mbele yako. Kikigeukia upande usioupenda, weka right badala ya left. Kurudi, ni xrandr -o normal. Iandike kwenye karatasi, kwa sababu kuitafuta huku kioo kimelala na kipanya kinakwenda kinyume ni kichekesho kwa wengine tu.

Hatua ya saba: tia Kiswahili

Huku si lazima ufike, ila ukifika hutoki. Kila ukurasa wa Pepper&Carrot una faili lake la SVG ambamo maneno yamekaa peke yake juu ya picha. Sakinisha Inkscape, programu ya kuchorea, fungua faili, bofya kiputo, futa Kiingereza, andika chako. Usiguse picha. Maneno yetu ni marefu kuliko yao, kwa hiyo punguza maneno kabla ya kupunguza herufi: mtoto aliyekasirika hasemi "Sitaki kabisa kufanya jambo hilo", anasema "Sitaki!"

Kazi ya aina hii ina wenyewe waliotangulia. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Wao walihangaika na menyu na majedwali. Mimi nahangaika na neno moja: yule msichana kwa Kiingereza ni "witch". Sasa mwambie mtu wa Pemba kwamba unampa mwanawe hadithi ya mchawi mdogo anayependeza uone utakavyotazamwa. Nilijaribu "mganga", akaonekana mtu mzima mwenye mkoba. Mwishowe nikamwita "mtoto wa dawa", kwa kuwa kutwa anachemsha dawa na zinamlipukia. Mpwa wangu wa Wete akakubali mara moja.

Raha kubwa iko kwenye sauti. Wenzetu wanaandika kishindo kimoja kwa kila anguko. Kiswahili kinataka kujua umeangukia wapi. Majini, chubwi. Matopeni, tapwi. Mchangani, tifu. Mzigo mzito, pu. Paka yule anaanguka mara nyingi, na kila mara inabidi uitazame picha vizuri kabla ya kuandika.

Hatua ya nane: kuvusha

Panga flashi yako folda tatu: mfumo, michezo, katuni. Weka faili la ISO la Mint kwenye ya kwanza, .deb zote kwenye ya pili pamoja na karatasi ya maandishi yenye zile amri, na zenye ruhusa tu kwenye ya tatu. Iwe na mfumo wa exFAT, usomeke Windows na Linux. FAT32 ya zamani inakataa faili lolote linalozidi gigabaiti 4.

Ukimaliza kunakili, usiichomoe. Linux inakwambia imemaliza wakati bado inaandika nyuma ya pazia, na kwa flashi ya bei ya chini inaweza kuchukua dakika kadhaa. Bofya alama ya kutoa, subiri mpaka ujumbe useme ni salama. Nimewahi kuichomoa kwa pupa, boti inaita Malindi, nikaingia gari ya abiria ya njia ya 603 pale Mkoani nikiwa na furaha zangu zote, na mpwa wangu alipofungua folda ya katuni akakuta majina ya vitabu, na ndani yake hamna kurasa.